Maswali ya Sheria: Mwenyewe Ameondoka, Vitu Vyake Vimebaki Kwangu

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinazunguka jambo moja. Mtu ameondoka, vitu vyake vimebaki mikononi mwa mwingine, na huyo aliyebaki navyo anaogopa kuvigusa lakini hawezi tena kuendelea kuvihifadhi. Nimechagua barua sita. Kila nchi ina sheria yake, na ndiyo sababu ninapotaja muda au kiwango fulani nataja pia nchi husika. Hata hivyo misingi ya jambo hili inafanana kwa kiasi kikubwa popote, na nimeieleza zaidi katika jibu la kwanza, ambalo namwomba kila msomaji alisome hata kama swali lake linafanana na la mwisho.

SWALI: Mpangaji wangu aliondoka usiku, sasa ni miezi miwili, akiwa na deni la kodi ya miezi mitatu. Ameacha kitanda, jokofu, masanduku mawili ya nguo na bahasha yenye karatasi zake. Simu yake haipatikani. Je, ninaweza kuuza vitu hivyo nijilipe deni langu, kisha nipangishe chumba kwa mtu mwingine? — Mwenye nyumba aliyechoka kusubiri

JIBU: Ndugu mwenye nyumba, ndani ya swali lako mna maswali matatu, na hasara ya wengi walio katika hali yako huanzia pale wanapoyachanganya: kama upangaji umekwisha, vitu vilivyobaki ni vya nani, na deni la kodi hudaiwa kwa njia gani.

Nianze na upangaji. Chumba kilicho kimya hakithibitishi kwamba mpangaji amehama. Huenda amelazwa hospitali, yuko mahabusu, au amekwenda kuuguza mtu mahali ambapo simu haishiki. Tafuta dalili zinazoweza kuelezwa mbele ya hakimu: je, alirudisha ufunguo, aliwaaga majirani, alichukua vitu ambavyo mtu hawezi kuishi bila kuwa navyo? Nchini Uingereza, kumwondoa mpangaji wa makazi au kumfungia nje bila amri ya mahakama ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 1977, isipokuwa mwenye nyumba aliamini, kwa sababu za msingi, kwamba mpangaji ameacha kuishi humo. Nchi nyingine nyingi zina kinga ya namna hiyo. Kwa hiyo, kabla ya kubadili kufuli, andika barua ya kusitisha upangaji kwa utaratibu uliomo katika mkataba wenu na katika sheria ya nchi yako, uipeleke kwenye chumba chenyewe na kwenye anwani nyingine yoyote uliyonayo, na kama dalili hazitoshi, omba amri ya mahakama ya kurudishiwa chumba. Gharama ya maombi hayo mara nyingi ni ndogo kuliko fidia ya mpangaji anayerudi akiwa na cheti cha hospitali mkononi.

Sasa tuje kwenye vitu vyenyewe. Sheria hutofautisha mali iliyopotea, mali iliyosahauliwa, mali iliyowekwa amana na mali iliyotelekezwa, na ni hii ya mwisho tu ambayo mwenyewe ameacha kuwa mwenyewe. Ili kitu kihesabiwe kuwa kimetelekezwa, mambo mawili lazima yakutane: awe amekiacha, na awe amekiacha kwa nia ya kutokitaka tena. Tofauti hii ni ya zamani sana. Sheria za Kirumi zilizokusanywa kwa amri ya mfalme Justinian na kutolewa mwaka 533 zinatoa mfano ambao ningependa kila mwenye nyumba aukumbuke: shehena inayotupwa baharini wakati wa dhoruba ili chombo kiwe chepesi hubaki kuwa mali ya wenyewe, kwa sababu waliitupa kuokoa roho zao, hawakuichoka, na anayeiokota kwa nia ya kujinufaisha ni mwizi. Mpangaji anayekimbia deni usiku huwa karibu zaidi na nahodha huyo kuliko na mtu anayetupa godoro bovu jalalani. Jokofu zima na masanduku ya nguo havionyeshi kuwa ameridhia kuvipoteza.

Kama si vyako na si vya kutupwa, basi wewe ni nani kwavyo? Wewe ni mtunza amana usiyependa, mtu aliyejikuta na mali ya mwingine bila kuiomba. Wajibu wako ni mwepesi kuliko wa mtu aliyekubali kutunza, lakini upo: usiviharibu kwa makusudi, usivitumie, usivigawe, usiviache mvuani. Unaruhusiwa kuvihamishia stoo ili chumba kitumike mara upangaji unapokuwa umekwisha kisheria. Fanya kazi hiyo mbele ya shahidi asiye na maslahi, piga picha kila kitu kabla hakijasogezwa, na andikeni orodha inayotaja hali ya kila kimoja, kisha mweke saini na tarehe. Karatasi zilizomo katika bahasha zifungwe peke yake bila kusomwa zaidi ya inavyohitajika kumtambua mwenyewe. Vyeti, vitambulisho na pasipoti haviuzwi wala havichomwi kwa hali yoyote. Pasipoti, katika nchi nyingi, ni mali ya serikali iliyoitoa, na mahali pake ni kituo cha polisi au ofisi husika. Dawa zipelekwe duka la dawa ziteketezwe kwa utaratibu, na ukikuta silaha usiiguse, ita polisi. Chakula kilichooza unaweza kukitupa siku hiyohiyo. Hakuna mahakama itakayokulaumu kwa hilo.

Baada ya hapo toa notisi ya maandishi. Notisi ndiyo ngao yako. Itaje jina lako na anwani yako, vitu gani unavyo na viko wapi, saa na siku ambazo mwenyewe au mtu aliyemtuma anaweza kuvichukua, na tarehe ambayo baada yake utaviuza au kuviondoa. Urefu wa muda hutegemea nchi. Katika jimbo la California, Marekani, mwenye nyumba humpa mpangaji wa zamani siku zisizopungua 15 akimkabidhi notisi mkononi, na 18 akiituma kwa posta. Muda ukipita, vitu vyenye thamani ya jumla ya dola 700 au zaidi huuzwa kwa mnada wa hadhara, na kinachobaki baada ya kutoa gharama hupelekwa kwenye hazina ya kaunti, ambako mwenyewe anaweza kukidai ndani ya mwaka mmoja. Uingereza, kwa sheria nyingine ya mwaka huohuo wa 1977 inayohusu mali ya watu iliyo mikononi mwa wengine, inataka notisi ya kuuza itumwe kwa barua ya rejista au ya kusainiwa na anayeipokea, na inaruhusu mauzo pia pale ambapo mtunzaji amemtafuta mwenyewe kwa juhudi za kutosha bila mafanikio. Juhudi hizo ziweze kuonekana: barua kwa mdhamini aliyetajwa katika mkataba, kwa mwajiri, kwa ndugu aliyewahi kulipa kodi kwa niaba yake, ujumbe wa simu ambao nakala yake umeihifadhi. Kupiga simu mara tatu na kukuta imezimwa hakutoshi.

Linabaki deni, na hapa naomba uvumilivu wako, kwa kuwa jibu langu halitakufurahisha. Kodi unayodai na vitu ulivyobaki navyo ni mambo mawili. Zamani, katika nchi zilizofuata sheria za Kiingereza, mwenye nyumba aliweza kuingia na kukamata mali ya mpangaji kwa ajili ya kodi. Uingereza yenyewe ilifuta haki hiyo kuanzia Aprili 2014, na ikaacha utaratibu maalumu kwa majengo ya biashara peke yake. Ukiuza jokofu kihalali, unakata gharama za mauzo na kile unachodai kuhusiana na vitu hivyo, kisha kinachobaki ni cha mwenyewe. Kodi idai kwa shauri la madai, au uikate kwenye amana ya kodi uliyoshika kama mkataba unaruhusu. Ukishapata hukumu, mahakama inaweza kuamuru mali yake ikamatwe, pamoja na hiyo iliyo stoo kwako. Lakini hapo mkamataji ni dalali wa mahakama, na wewe huna hofu ya kushitakiwa kwa kuitwaa mali ya mtu.

SWALI: Mimi ni fundi wa saa, redio na simu. Rafu zangu zimejaa vitu vilivyokwisha kutengenezwa, vingine vina zaidi ya miaka miwili. Ukutani nimebandika tangazo kwamba kisichochukuliwa ndani ya siku 30 kitauzwa. Je, tangazo hilo linatosha? — Fundi asiye na nafasi

JIBU: Ndugu fundi, peke yake halitoshi, ingawa si bure. Tangazo humfunga mteja kama lilikuwa sehemu ya makubaliano wakati anakukabidhi kitu chake, na utapata shida kuthibitisha kwamba aliliona likiwa nyuma ya mlango au juu ya rafu. Hamishia maneno hayo kwenye risiti, juu ya mahali pa saini, kwa herufi zinazosomeka, na yataje muda wa kuchukua, ada ya kuhifadhi baada ya muda huo kama ipo, na hatua utakayochukua. Fundi mwenye risiti ya namna hiyo huwa ameshamaliza nusu ya mgogoro kabla haujaanza.

Kwa vitu vilivyoko rafuni tayari, una haki moja nzito na ningependa uielewe vizuri pamoja na mipaka yake. Fundi aliyeongeza thamani ya kitu kwa kazi yake anaweza kukishikilia hadi alipwe ujira wa kazi hiyo. Haki hiyo inakaa mikononi mwako kwa maana halisi: ukimrudishia mteja saa yake kwa ahadi kwamba atalipa kesho, umeipoteza, na kinachobaki ni deni la kawaida. Pia haivuki kitu husika, yaani huwezi kushikilia redio ya leo kwa sababu ya ujira wa simu ya mwaka jana, isipokuwa mkataba umesema hivyo. Na katika nchi zinazofuata sheria za Kiingereza, kushikilia hakukupi ruhusa ya kuuza, wala hakukupi ada ya kuhifadhi. Jambo hili la pili liliamuliwa mwaka 1860 katika ngazi ya juu kabisa ya rufaa nchini Uingereza, mtengeneza meli alipodai malipo ya kila siku kwa muda ambao meli aliyoitengeneza ilikaa katika gati lake akiishikilia kwa ajili ya deni. Alielezwa kwamba alikuwa akiishikilia kwa faida yake mwenyewe, na hakuweza kumtoza mwenye meli kwa hilo. Ndiyo maana nasisitiza kwamba ada ya kuhifadhi iandikwe katika risiti tangu mwanzo.

Ruhusa ya kuuza, basi, hutoka katika mkataba, katika sheria iliyotungwa kwa ajili hiyo, au kwa mahakama. Ufaransa ilitunga sheria yake Desemba 1903, ikimruhusu fundi kuomba kibali cha kuuza kitu kilichokaa kwake mwaka mmoja bila kuchukuliwa. Kenya ina sheria maalumu ya kuuza mali isiyochukuliwa, Sura ya 38, na matangazo yanayotolewa chini yake, mengi yakihusu magari yaliyoachwa gereji, huonekana mara kwa mara katika Gazeti la Serikali. Uingereza, mteja akiwa bado anadaiwa ujira wa kitu hicho, muda kati ya notisi na mauzo hauwezi kupungua miezi mitatu, na notisi lazima itaje kiasi anachodaiwa. Popote ulipo, uliza kwanza kama nchi yako ina sheria ya namna hii, kwa sababu fundi anayeifuata hulindwa hata mwenyewe akitokea siku moja baada ya mauzo, na asiyeifuata anaweza kulipishwa thamani nzima ya kitu hata kama alidai ujira wake kwa haki.

Uza kwa bei ambayo unaweza kuitetea. Kama unaweza kupata makadirio mawili, yapate. Usijiuzie wewe mwenyewe wala mtu wa nyumbani kwako. Weka kitabu kinachoonyesha kitu, tarehe kilipoletwa, tarehe za notisi, bei, ujira uliokata na salio. Salio hilo si faida ya duka. Kuhusu simu, kuna la ziada: picha na ujumbe uliomo ni siri za mtu, na kuuza simu bila kufuta yaliyomo kunaweza kukuletea kesi ya faragha kubwa kuliko thamani ya simu yenyewe. Usiyafungue, usiyanakili, yafute yote kabla ya mauzo, baada ya notisi iliyomweleza mwenyewe waziwazi kwamba yatafutwa.

SWALI: Rafiki yangu alipokwenda kusoma ng'ambo aliniomba nimtunzie mabegi matatu na cherehani. Ni miaka saba sasa. Tunaandikiana mara moja moja, na kila nikimkumbusha anasema atatuma mtu. Ninahama nyumba. Je, baada ya miaka yote hiyo vitu hivyo bado ni vyake? — Dada mwenye mzigo usio wake

JIBU: Dada yangu, bado ni vyake. Hali yako ni tofauti na ya mwenye nyumba wa barua ya kwanza, kwa kuwa yeye aliachiwa bila kuulizwa, wewe uliombwa ukakubali. Ukishakubali, hata bila malipo, sheria inakutaka uangalifu wa kweli. Katika kesi mashuhuri iliyoamuliwa London mwaka 1703, mtu mmoja alijitolea bure kuhamisha mapipa ya pombe ya mwenzake kutoka ghala moja hadi jingine, akafanya kwa uzembe, pipa moja likamwagika. Alijitetea kwamba hakulipwa hata senti. Mahakama ilimwambia kwamba angeweza kukataa kazi ile, lakini alipoipokea mikononi mwake alichukua pia wajibu wa kuifanya kwa uangalifu.

Wengi hudhani miaka inapopita, umiliki hujifuta wenyewe. Kuna ukomo wa kufungua madai, ni kweli. Uingereza, kwa mfano, ni miaka 6. Lakini kwa amana, hesabu ya miaka kwa kawaida huanza siku mtunzaji anapokataa kurudisha baada ya kuombwa, au anapoitumia mali kama yake. Miaka yako saba ya utunzaji mwema haijaanza kuhesabiwa hata siku moja, na kila ujumbe wake wa "nitatuma mtu" ni ushahidi mpya kwamba hajaviacha.

Hata hivyo hufungwi kuvitunza hadi uzee. Amana isiyo na muda inaweza kusitishwa na mtunzaji kwa taarifa ya kutosha, na wewe una bahati kwamba mwenyewe anapatikana. Mwandikie kwa njia ileile mnayoitumia, kwa lugha ya urafiki lakini yenye tarehe: kwamba unahama siku fulani, kwamba atume mtu au akuelekeze pa kuvipeleka kwa gharama zake, na kwamba akikaa kimya hadi siku fulani utavipeleka stoo ya kulipia kwa jina lake, au utaviuza na kumtumia fedha. Mpe muda unaoendana na umbali wake. Kwa mtu aliye ng'ambo, wiki moja ni uonevu, miezi miwili au mitatu haina lawama. Akijibu "viuze" au "vigawe", hifadhi jibu hilo kana kwamba ni hati, kwa sababu ni hati. Asipojibu, rudia mara ya pili kabla hujachukua hatua. Na kama mnaweza kuzungumza kwa simu, zungumzeni kwanza. Nimeona urafiki wa miaka mingi ukivunjika kwa barua iliyoandikwa kisheria mapema mno. Baada ya mazungumzo, mtumie ujumbe unaorudia mliyokubaliana.

SWALI: Nikisubiri zamu yangu katika kliniki niliona pete ya dhahabu chini ya kiti. Mpokea wageni anasema niiache kwake. Mwenyewe asipopatikana, ni ya nani kati yangu na kliniki? — Mwokotaji

JIBU: Ndugu mwokotaji, swali lako limewashughulisha majaji kwa karne tatu. Mwaka 1722, kijana msafisha dohani wa London aliokota kito, akakipeleka kwa sonara kikaguliwe, na mwanafunzi wa sonara akachomoa mawe yake. Mahakama iliamua kwamba mwokotaji hawi mwenyewe wa kitu, lakini haki yake inashinda ya kila mtu mwingine isipokuwa mwenyewe wa kweli. Na kwa kuwa sonara hakuyatoa mawe, fidia ikahesabiwa kana kwamba yalikuwa ya ubora wa juu kabisa.

Kesi iliyo karibu zaidi na yako ni ya mwaka 1982. Abiria aliyekuwa katika chumba cha kusubiria cha shirika la ndege, uwanja wa Heathrow, aliokota bangili ya dhahabu, akaikabidhi kwa mfanyakazi pamoja na jina na anwani yake, akiomba arudishiwe kama mwenyewe hatajitokeza. Shirika liliiuza kwa pauni 850 likabaki na fedha. Mahakama ya Rufaa ilimpa ushindi abiria, kwa sababu shirika halikuwa limeonyesha nia ya kusimamia vitu vinavyopotea katika chumba kile. Matokeo yangekuwa mengine kama mwokotaji angekuwa mfanyakazi akiwa kazini, kama kitu kingekuwa kimefukiwa au kimeshikamana na jengo, au kama aliyeokota alikuwa mahali asiporuhusiwa kuingia.

Fanya kama abiria yule: kabidhi pete, pokea karatasi inayoieleza pete yenyewe na kutaja jina lako, na sema kwa maandishi kwamba unadai haki yako mwenyewe asipopatikana. Nchi nyingine zimeliweka jambo hili katika sheria zenye hesabu kamili. Ujerumani, mwokotaji anayetoa taarifa kwa mamlaka anaweza kuwa mwenyewe wa kitu baada ya miezi 6, na mwenyewe akitokea kabla ya hapo humpa asilimia 5 ya thamani hadi yuro 500 na asilimia 3 kwa kinachozidi. Japani muda ni miezi 3 na zawadi ni kati ya asilimia 5 na 20, lakini kwa kawaida mwokotaji asiyekabidhi kitu ndani ya siku 7 hupoteza haki zote mbili, na simu au vitambulisho havigeuki kuwa mali yake kamwe. Kwa hiyo kuiweka pete mfukoni "kwa usalama" ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuikosa, na katika nchi nyingi kuiweka huku ukiweza kumpata mwenyewe kwa juhudi za kawaida ni wizi.

SWALI: Kuna gari limeachwa katika kiwanja changu mwaka mzima, magurudumu hayana upepo. Naweza kulivuta nje hadi barabarani? — Mwenye kiwanja

JIBU: Hapana. Barabarani litakuwa kizuizi na huenda wewe ndiye utakayeshitakiwa. Andika namba ya usajili na ya chasisi, toa taarifa polisi ili ijulikane kama limeibwa, na uombe mamlaka ya usajili wa magari imfikie mwenyewe. Uliza pia kama gari limewekwa dhamana ya mkopo, kwa sababu mkopeshaji anaweza kuwa na haki kubwa kuliko ya mwenye kadi, na kwa kawaida huja kulichukua upesi akijua liko wapi. Kila siku linayokaa bila ruhusa ni uvamizi wa ardhi yako, na kwa hilo unaweza kudai fidia.

SWALI: Mpangaji wangu mzee, aliyeishi peke yake, amefariki. Watoto wake wawili wamekuja kwa nyakati tofauti, kila mmoja akidai vitu vyote na kunionya nisimpe mwenzake. Mmoja ana ufunguo. Nifanye nini? — Mama mwenye nyumba

JIBU: Mama, pole kwa msiba na kwa kuwekwa katikati ya ndugu. Kwa sasa vitu hivyo si vya mtoto huyu wala yule. Ni mirathi, na anayeweza kuvipokea ni msimamizi wa mirathi mwenye hati ya mahakama au mtekelezaji aliyetajwa katika wosia. Kuwa mtoto wa marehemu, hata mtoto wa kwanza, hakumpi mtu mamlaka hayo peke yake. Wewe nawe usigawe kitu, hata kwa nia ya kupatanisha. Katika nchi zinazofuata sheria za Kiingereza, anayejiingiza katika mali ya marehemu bila kuteuliwa anaweza kuwajibishwa kwa madeni ya marehemu hadi kufikia thamani ya alichogusa, na hilo linaweza kumpata mwenye nyumba aliyetoa televisheni kwa huruma sawasawa na mtoto aliyeichukua.

Waite wote wawili siku moja, na mtu wa tatu anayeheshimiwa na pande zote. Mbele yao andikeni orodha ya kila kilichomo, kila mmoja aweke saini na apewe nakala, kisha badilisha kufuli na uwaeleze hapohapo kwa nini umefanya hivyo. Hati zinazohitajika kwa mazishi, na nguo za kumvika marehemu, zinaweza kutolewa mara moja kwa kusainiwa. Wosia ukionekana, usibaki mikononi mwa yeyote kati yao, upelekwe mahakamani. Kodi inayoendelea kuhesabiwa ni deni la mirathi, na utaiwasilisha kwa msimamizi pamoja na wadai wengine. Iandike sasa, ukitaja tarehe ya mwisho iliyolipwa, ili isije kuonekana umeibuni baadaye.

Ikiwa miezi inapita na hakuna anayekwenda kuomba usimamizi, sheria za nchi nyingi humruhusu mdai kuomba mwenyewe, au kuiomba mahakama impe ofisa wa serikali kazi hiyo. Wewe, kwa kodi unayodai, ni mdai. Waeleze watoto hao kwamba utafanya hivyo ifikapo tarehe fulani, nayo iandike chini ya orodha waliyosaini.